Nguo ya Udongo

Mama yangu alimpiga kila mtu isipokuwa jua, na si kwamba hakutaka. Alinipiga mimi, alimpiga baba, na aliwahi kumpiga mwuza samaki kwa samaki wake mwenyewe. Lakini adui yake wa kweli alikuwa juu, hafikiki kwa mwiko wala kwa mchi, na nadhani sisi wengine tulipokea vipigo ambavyo havikuwa vyetu.

Tulikaa katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Kimamba, wakati wa Mwingereza. Baba alikuja kutoka kusini akiwa manamba, kibarua wa mkataba anayejulikana kwa namba yake kuliko kwa jina, akamwoa mama aliyeteremka kutoka milima ya Berega. Mimi nilizaliwa mweusi kama baba. Mdogo wangu wa kike akazaliwa zeruzeru. Siku hizi tunafundishwa kusema mtu mwenye ualbino, na ni vizuri. Wakati ule neno lilikuwa hilo, na mimi nililipigania kila lilipotamkwa vibaya. Mkunga mmoja alinong'ona kwamba mtoto wa namna hii hafugwi, aachwe tu bila kunyonyeshwa. Mama, damu ya uzazi haijakauka, alimng'ata mkono mpaka akapiga ukunga. Ndugu za baba nao walileta ujumbe kama huo, na baba akawajibu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Watu walikwisha. Likabaki jua.

Kila jioni, kabla ya kula, mdogo wangu alipita mbele ya mama kukaguliwa. Mama alimkandamiza kidole gumba mkononi, shingoni, nyuma ya sikio, kisha akakiondoa na kungoja. Kama ngozi ilibaki vile vile alisema, "Mbichi," na mtoto akaruhusiwa kwenda kula. Kama kidole kiliacha alama nyeupe, kisha wekundu ukarudi kuijaza polepole, alisema, "Inapiga rangi," sauti ile ile ya kubonyeza papai sokoni. Wekundu ukirudi mbio na mtoto akaruka kwa maumivu, hapo "imeiva", na kesho yake hakuna kutoka nje. Malengelenge yakitokea, "imepasuka", na hapo tulipigwa wote wawili, yeye kwa kwenda juani, mimi kwa kutomzuia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema watu. Kwetu uchungu huo tuliujua sote, maana uligawiwa kwa mwiko.

Shida ni kwamba kambi nzima ilikuwa na dawa. Huyu alisema mafuta ya nazi, yule mafuta ya mbarika, mwingine majivu ya kuni yaliyokorogwa na maji. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, alitupa marhamu nyeupe kidogo kwenye karatasi, akasema ni ya vidonda lakini tujaribu. Wanawake wa kifugaji waliokuja kuuza maziwa walimtazama mdogo wangu kwa huruma, wakaonyesha mabega yao wenyewe: udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Mama alijaribu hiki leo na kile kesho, lakini leo kulikuwa na mawingu na kesho hakuna, kwa hiyo kila mtu aliweza kudai kwamba dawa yake ndiyo iliyosaidia. Waligombana kisimani. Mama alivunja mtungi wa mtu kwa ajili ya mafuta ya nazi.

Siku moja akachoka na maneno. Alichukua kaniki yake kuukuu akaitoboa madirisha kwa wembe wa baba, kila dirisha upana wa kiganja cha mtoto. Mdogo wangu wakati huo alikuwa hajang'oka hata meno ya utoto. Mama akamlaza kifudifudi juu ya mkeka, uani, jua la utosi, akamfunika kaniki ile mgongoni, na katika kila dirisha akampaka kitu chake: nazi, mbarika, majivu, marhamu ya dresa, udongo wa wafugaji. Dirisha moja aliliacha tupu. Kisha akanikalisha juu ya miguu ya mdogo wangu asiweze kukimbia.

"Ukiinuka nitakuua," aliniambia, nami nilimwamini.

Yeye mwenyewe akakaa kwenye mafiga akaanza kupika. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake: ugali ukiiva na mboga ikiiva, basi. Mwanzoni mdogo wangu alicheka, akidhani ni mchezo. Kisha akaanza kujinyonganyonga chini yangu. Kisha akalia lile neno alilolijua la nyumbani kwetu.

"Mama, naiva! Mama, naiva!"

Mama alisonga ugali na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta, wala hakuinuka.

Baba akatokea wakati huo, anatoka kukata mkonge, mikono imechanwa na miiba. Jaribu kuona alichokiona yeye. Mtoto ambaye watu walikuwa wamemwambia amwache afe, amefunikwa kitambaa cheusi mchana kweupe, analia kwamba anaiva, dada yake amemkalia miguu, na mama yao anapika pembeni. Alitupa panga chini, namshukuru Mungu alilitupa kwanza, akamrukia mama.

"Unammaliza mwanangu! Nawe pia? Nawe pia?"

Alimpiga ngumi ya mdomo. Mama akampiga kwa mwiko wenye ugali wa moto, ukaganda shavuni mwake, akapiga yowe. Wakaangushana kwenye majivu. Majirani walikuja mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia. Mimi niliendelea kukaa pale pale juu ya miguu ya mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa sijaambiwa niinuke.

Mama ndiye aliyejichomoa. Alitambaa mpaka kwenye mkeka, mdomo unavuja damu, akaivuta kaniki. "Tazama kwanza," alimwambia baba. "Tazama, halafu uniue."

Mgongo wa mdogo wangu ulikuwa na madirisha. Mama akapita na kidole gumba, dirisha baada ya dirisha, na baba akasimama akihema juu yake. Lililoachwa tupu: limeiva. La nazi: limeiva vibaya zaidi. Majivu yalikuwa yameteremka na jasho, limeiva. La mbarika lilikuwa linapiga rangi. La marhamu ya dresa, bichi. Alipofika kwenye la udongo aliufuta kwa pindo la khanga, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena.

"Bichi," akasema, akatema jino.

Baba alikaa chini akalia kwa sauti. Hakuomba radhi, na mama hakumwomba radhi mtoto. Marhamu ya dresa haikuwahi kutosha zaidi ya pua na masikio, basi tangu siku ile udongo ukawa kazi ya baba. Kila alipotoka shambani alipitia korongoni, akachimba ule mwekundu wa chini usio na kokoto, akaupepeta mwenyewe.

Mjukuu wangu ameniletea juzi tyubu ya losheni ya jua, akanionyesha namba iliyoandikwa juu yake, akanieleza kwamba wataalamu huwaangazia watu mwanga mgongoni, vipande vipande, wakaangalia ngozi inachukua muda gani kubadilika rangi. Alishangaa nilipomwambia najua. Alidhani nimesoma mahali.

Mdogo wangu hakuuita udongo ule dawa. Aliuita nguo. "Ngoja nivae," alisema asubuhi, na alimaanisha kupakwa. Jioni akioga alisema, "Nimevua." Nyumba nzima tukaizoea lugha hiyo, mpaka mama akigombeza, "Utatoka uchi hivyo?" na mtoto amevaa gauni na kilemba. Alikua na ulimi mkali kuliko wangu. Watoto wa kambi walipomwita tofali alikubali, akawarushia tofali la kweli, akampasua mmoja kichwa. Kidogo kidogo wakamzoea.

Ubaya ulirudi kwa njia ya jicho la baba. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mweusi, mgumu, na siku moja alipoinama kukata, mwiba ulimwingia. Jicho likamwagika. Baada ya hapo hakuweza tena kumaliza kazi yake ya siku, na nyumba ya kambini ilikuwa ya wenye kufanya kazi. Mimi tayari nilikuwa uwanjani, kule kwenye nyaya ambako wanawake tuliianika singa, zile nyuzi za mkonge, baada ya kutoka mashinini. Ikabidi mdogo wangu aje pia. Alikuwa ameshavunja ungo.

Wala hakusikitika. "Nimechoka kukaa ndani kama kuku wa mayai," alisema. Mama alimpaka udongo mara mbili, akamwacha viganja tu. Alituambia tusithubutu kurudi na ngozi iliyoiva, na kwa muda mrefu hatukurudi nayo. Uwanja ule ulikuwa na majua mawili, moja la juu na moja lililorudi usoni kutoka kwenye weupe wa singa, hata mimi macho yaliniuma. Mdogo wangu alianika, akaimba, akawatania wanaume wa mashine. Kila jioni kidole gumba, kila jioni mbichi. Sijawahi kumwona mama akiwa karibu na furaha kama miezi ile.

Lakini singa bora ni nyeupe, na udongo ni mwekundu. Jasho lilishuka mikononi, likafika viganjani, na vidole vyake vikaanza kuonekana kwenye singa. Siku moja meneja, mzungu mfupi mwenye fimbo, alifungua robota la singa akakuta alama nyekundu. Hakumwuliza mtu. Alimtandika nyapara wetu, msimamizi wa uwanja, fimbo ya uso mbele ya vibarua wote, na ya pili alipoinua mkono kujikinga. Nyapara alikuwa mtu mzima, ana wajukuu, sote tulimwamkia shikamoo kila asubuhi. Tulimwona akilamba damu ya mdomo wake na kumeza.

Alipofika kwetu hakutafuta sana.

"Wewe. Nenda kwenye tangi ukaoge uchafu huo."

"Shikamoo, mzee," alisema mdogo wangu. "Huu si uchafu. Hii ni nguo yangu."

"Oga!"

"Mzee, utanivua nguo mbele za watu?"

Wanawake walicheka. Laiti wasingecheka. Nyapara aliwaita wanaume wawili wakamkamata mikono, wakamkokota mpaka kwenye tangi la maji, na yeye mwenyewe akachukua fungu la singa mbichi, lile ambalo bado linatiririka maji ya mkonge, akamsugua. Anayejua maji ya mkonge ananielewa. Yanawasha hata ngozi ngumu ya mkata mkonge, na huyu alikuwa anasuguliwa shingo, masikio na mikono kama sufuria iliyoungua. Udongo ulitoka na damu ikafuatia. Nilimrukia mmoja wa wale wanaume mgongoni nikamng'ata sikio. Alinibwaga kwenye saruji, na nilipopata pumzi mdogo wangu alikuwa amerudishwa kwenye nyaya, ameloa, mwekundu, gauni lake mwilini, na nyapara amesimama nyuma yake na fimbo.

"Anika!"

Nilikimbia kambini. Mama alikuwa anatwanga pamoja na wenzake. Nikapiga kelele kutoka mbali, kwa lugha ya nyumbani kwetu, maana sikuwa na nyingine.

"Mama! Nyapara kamvua nguo! Kamvua nguo zote mbele za watu!"

Mama alielewa nilichosema. Wenzake walielewa walichosikia. Sikusimama kuwaeleza, na mama hakufungua mdomo. Aliinua mchi, na nyuma yake ikainuka michi mingine, miiko, jembe, bibi mmoja na kigoda chake, kundi zima likatimka kuelekea uwanjani likipiga ukunga ambao vibarua wa kule mashinini waliusikia juu ya ngurumo za mashine.

Nyapara aliwaona akadhani ni moto. Alifungua mdomo kuuliza, na mchi wa mama ukamkuta mdomoni. Akainua mkono, nikasikia mfupa. Alipoanguka, wanawake walimfunika nisimwone tena, niliona migongo na michi tu, ikipanda na kushuka kwa zamu kama kwenye kinu. "Mtoto wa watu!" walikuwa wanasema. "Umemvua nguo mtoto wa watu!" Alilia kwamba hakumvua, anaapa, mtazameni, gauni hilo hapo. Hakuna aliyetazama. Mimi nilichukua jani la mkonge nikamchoma paja kwa ule mwiba, kwa ajili ya jicho la baba, ingawa jicho la baba halikumhusu. Wanaume walipofika na kuwatenganisha, alikuwa hai kwa shida. Watu hunisubiri niseme kwamba ninajuta. Wataendelea kusubiri.

Wakati wote huo mdogo wangu alikuwa kwenye nyaya, juani, hana nguo yake. Hakuna aliyekumbuka kumfunika, hata mama, mpaka nyapara alipokwisha kubebwa.

Jioni jirani yetu mmoja alikuja amefura. Alikuwa ameambiwa ukweli wa mambo. "Mmetupigisha mtu kwa ajili ya matope!" alisema. "Mwanangu wa kiume anafanya kazi chini ya yule mzee!" Mama alimwongoza mpaka kitandani, akaondoa khanga. Mdogo wangu alikuwa amepasuka kuanzia masikioni hadi viganjani, malengelenge juu ya michubuko, na nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imeondoka kabisa. Jirani alitazama akaweka mkono kinywani.

"Alivuliwa," akasema, akatoka.

Askari walikuja wakamchukua mama mpaka Kilosa. Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya aliyeamua kesi, alimwuliza kupitia kwa mkalimani binti yake alivuliwa nguo gani. "Nguo yake," alisema mama. Gauni? Gauni halikuguswa. Shuka? Hakuwa na shuka. Basi alivuliwa nini? "Nguo," alisema mama, na mkalimani akacheka kabla ya kutafsiri, na mama akaruka kizimbani kumfuata, askari wakamdaka miguu. Kicheko hicho kilimwongezea kifungo. Sisi tukafukuzwa kambini, baba akatutangulia kwa jicho lake moja, tukatembea mpaka upande wa Mikumi, ambako alikuwa na rafiki mwenye kiwanja cha kutuazima. Mama alitukuta huko baadaye, amekonda, meno yamepungua tena.

Mikumi ilimpenda mdogo wangu. Udongo mzuri ulikuwapo mtoni, na wafugaji walipita na mafuta. Wanawake wao walimtania wakisema amekuwa binti yao, wanasubiri mahari. Alijifunza kufinyanga, akakaa kivulini chini ya paa la makuti akitengeneza vyungu, na nguo yake mwilini kila siku. Mikono ikapona. Shingo ikapona, imebaki na madoa. Nyuma ya sikio la kushoto hapakupona. Palifunga, pakafunguka, pakafunga. Kila jioni mama alibonyeza kila mahali akasema mbichi, mbichi, na alipofika pale alikuwa hasemi kitu. Siku moja nilimwona amesimama nje peke yake, mchi mkononi, anatazama juu, anatukana.

Kidonda kikawa uvimbe. Baba alimpeleka hospitali ya misheni, wakakata, wakatutendea vizuri, wakamwambia baba ukweli. Kikarudi. Mdogo wangu aliendelea kuvaa kila asubuhi hadi asubuhi ya mwisho, mikono yake haiwezi tena kuinuka, mama akampaka akiwa amelala ndani, dirisha limefungwa.

Waosha maiti walipokuja na maji, mama alikuwa ameketi mlangoni na mchi mapajani.

"Hamumwoshi," alisema.

"Mama, lazima aoshwe," alisema mkubwa wao kwa upole. "Hawezi kwenda hivi."

"Alishaoshwa mara moja. Atakayemgusa nitamvunja mkono."

Nilijua atauvunja, nao walijua. Jua lilizidi kupanda. Baba alimsihi kutoka nje, mimi nilimsihi, na mwisho nikapiga magoti mbele yake nikamwambia jambo moja tu, kwamba anakokwenda ni chini, mama, chini ya udongo wote ule, na jua halifiki huko.

Akaweka mchi chini, akaingia, akamgeuza mwanawe ubavu. Mgongoni yale madirisha yalikuwapo bado, baada ya miaka yote: manne yana madoa ya kahawia, mawili safi. Mama akaufuta udongo kwa pindo la khanga, mkononi, shingoni, nyuma ya sikio. Kila mahali akakandamiza kidole gumba, akakiondoa, akangoja wekundu urudi. Haukurudi popote.

"Mbichi," akasema. "Haya. Mwosheni."